Tofali la Tatu

Jumatatu. Saa nne na robo asubuhi.

Chumba cha nyuma cha karakana ya kuchomelea vyuma kilikuwa na meza moja, viti vitatu na watu wanne. Aliyesimama ni Rubani. Aliambiwa akae, akakataa. Alikuwa amekunja uso tangu aingie, na mikono ameifumbata kifuani.

Kocha alikuwa amechuchumaa sakafuni na kipande cha chaki. Hakuwahi kufundisha mpira hata siku moja. Jina hilo alilipata gerezani, kwa tabia yake ya kupanga watu: wewe huku, wewe kule, na asiyetaka atoke.

"Huu mgodi," alisema, akachora mraba. "Lango kuu hapa mbele. Huku nyuma kabisa, chumba cha kuyeyushia dhahabu, kimeegemea ukuta. Alhamisi saa tisa kamili kinalia king'ora. Zoezi la moto. Umeme unakatwa jengo zima, kamera zinakufa. Walinzi wanakimbilia uwanja wa mbele kuhesabu watu. Mizani, wanahesabu dakika ngapi?"

"Kumi na mbili," alijibu Mizani. "Wakichelewa sana, kumi na nne."

Mizani alikuwa kaka yake Rubani, tumbo moja. Miaka kumi na mmoja alikuwa ndiye mpima dhahabu wa mgodi ule. Sasa mikono yake ilikuwa imebanwa katikati ya magoti ili isionekane inavyotetemeka. Wote walikuwa wameiona. Mvuke wa zebaki ulikuwa umeila mishipa yake taratibu, na daktari wa mgodi aliandika kwenye cheti chake maneno mawili tu: ulevi sugu. Mtu ambaye hajawahi kuonja hata bia. Mwisho wa mwezi alikuwa anaachishwa kazi, na cheti kile mkononi.

"Asubuhi hiyo wanamimina matofali matatu," Kocha aliendelea. "Mizani anayapandisha juu ya paa, moja moja. Rubani anapitisha droni yake juu ya ukuta, anashusha kamba, anabeba. Kilomita mbili mpaka kwenye banda la kuku lililoachwa. Dereva anatusubiri na pikapu. Kwisha habari."

"Matofali mawili," alisema Rubani.

Kocha aliinua macho. "Nimesema matatu."

"Tofali moja kilo kumi na tatu. Droni yangu inabeba thelathini. Na thelathini siyo dhahabu peke yake. Kamba imo, ndoano imo, wavu umo. Hivyo vyote kilo mbili na nusu. Mawili ndiyo mwisho. La tatu safari ya pili."

"Imeandikwa thelathini. Watengenezaji siku zote wanaacha nafasi."

"Hiyo nafasi siyo yako!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Hiyo ni ya upepo. Ni ya joto. Saa tisa jua limewaka, hewa imekuwa nyepesi, propela hazina cha kushika. Unataka kunifundisha kazi?"

Dereva, binamu yake Kocha, kijana mpana mwenye sauti ndogo, aliinua mkono kama yuko darasani. "Inapita wapi? Nauliza tu. Maana ukinyoosha kutoka mgodini mpaka bandani, katikati kuna wagonga kokoto. Mama yangu yuko pale kila siku."

"Haipiti pale," alisema Rubani. Alichukua chaki mkononi mwa Kocha bila kuomba, akachora mstari uliopinda. "Inazunguka juu ya shimo la zamani, lile lililojaa maji. Mzigo haupiti juu ya kichwa cha mtu. Hilo sijadili."

"Na mimi natokaje?" aliuliza Mizani.

Hilo lilikuwa limekwisha kuzungumzwa, lakini alitaka kulisikia tena. Mlangoni walikuwa wanapapasa kila mtu. Redio ndogo na wavu mwembamba vinapita ndani ya soksi. Ngazi haipiti.

"Safari ya pili naleta ngazi ya kamba," alisema Rubani, dada yake. "Unaifunga kwenye chuma cha paa, unapachika tofali la tatu kwenye ndoano, mimi naondoka nalo. Wewe unashuka nyuma ya ukuta, korongoni. Dereva anakuchukua."

"Sawa, Kocha?" aliuliza Mizani.

Kocha alitabasamu, akajifuta chaki kwenye suruali. "Mawili, halafu moja. Rubani amesema, mimi ni nani nikatae?"

Rubani alimwangalia. Tabasamu lile lilikaa mdomoni mwake muda mrefu kupita kiasi. Alishawahi kuona tabasamu kama hilo. Lilikuwa la meneja.

Mwaka uliopita alikuwa anarusha droni za kampuni ya mizigo: dawa, vipuri, sampuli za maabara. Alikuwa na leseni, sare, na mpakiaji mwenzake, mama mmoja mcheshi aliyekuwa akiimba huku anakaza mikanda. Siku moja mgodi huu huu, ambao ndio mmiliki wa kampuni ile, ulihitaji vipuri haraka. Meneja akaleta sanduku la ziada. Rubani akasema limezidi. Meneja akacheka, akasema itapaa tu, na akalipachika mwenyewe. Ikapaa kweli. Ikafika juu ya paa la ghala, mota mbili zikazima kwa joto, ikarudi chini na mzigo wake wote. Mpakiaji alikuwa anatembea kurudi kivulini. Hakupata hata nafasi ya kugeuka.

Ripoti ilisema: uzembe wa rubani. Fomu ya upakiaji ilikuwa imeandikwa upya, kwa mwandiko wa mtu mwingine, uzito ukiwa sahihi kabisa. Leseni ikachukuliwa. Meneja akapandishwa cheo.

Ndiyo maana alikuwa katika chumba hiki. Droni yenyewe alikuwa ameiokota kwenye chuma chakavu cha kampuni ile ile, akaifufua kwa mikono yake. Hakuwa na shida na dhahabu. Alitaka watu wale waamke siku moja wakute kitu chao kimeondoka, na wasijue wamwandike nani.

Jumatano. Saa nane mchana.

Walifanya mazoezi kwenye banda la kuku. Rubani alipima kila kitu kwa mizani ya kuning'iniza: mifuko ya mchanga, wavu, hata ngazi. Ngazi kilo nane na nusu. Aliandika kwa kalamu kwenye kiganja.

Kilo ishirini na nane na nusu zilipaa vizuri. Propela nane zililia sauti moja, nyororo. Alifundisha ishara moja, kwa kuwa redio ya kuongea na Mizani ingekuwa sikioni mwa Kocha peke yake, na mikono ya Rubani ingekuwa kwenye rimoti.

"Nikiinamisha pua mara mbili, mzigo umezidi. Punguza. Umesikia, kaka?"

"Nimesikia, mdogo wangu."

Rubani alipokwenda kunywa maji alisikia mlio umebadilika. Mlio wa kukwaruza, wa kugombana. Alitoka mbio. Kocha alikuwa ameongeza mfuko wa tatu na ameshika rimoti, anacheka. Droni ilikuwa imepanda mita nne, inayumba.

Rubani alimpokonya rimoti, akaishusha. Kisha akagusa mota. Akaondoa kidole haraka.

"Inapaa!" alisema Kocha. "Umeona mwenyewe. Imepaa."

"Kupaa ni kupaa. Nimekuuliza kama inapaa? Nimekuambia haifiki!" Aliielekezea mashine kidole. "Gusa hiyo mota. Gusa! Sekunde ishirini tu, imeshakuwa pasi. Ukigusa tena mashine yangu nakuvunja vidole."

Dereva alicheka, halafu akaona uso wa binamu yake, akaacha. Kocha alimwangalia Rubani kama mtu anayepima kiatu dukani, kisha akaenda kujisaidia nyuma ya banda, anapiga mluzi.

Alhamisi. Saa nane na dakika hamsini mchana.

Jua lilikuwa kali. Rubani alikuwa juu ya kichuguu nyuma ya banda, rimoti shingoni, skrini mbele yake. Pikapu ilikuwa chini ya mti, pua imeelekea barabarani. Betri za akiba zilikuwa kwenye ndoo, zimefunikwa kitambaa kibichi. Kocha alikuwa nyuma yake hatua tano, redio sikioni. Bastola alikuwa ameichomeka kiunoni bila kuificha. Jana hakuwa nayo.

"Ya nini hiyo?" aliuliza Rubani.

"Ya nyoka."

Saa tisa kamili.

King'ora kilisikika mpaka huku, chembamba. Rubani alihesabu mpaka kumi, akainua droni. Ilikwenda nyepesi, ndoano inaning'inia mita kumi chini yake. Ikapita juu ya maji ya kijani ya shimo la zamani, ikapanda, ikauona ukuta.

Saa tisa na dakika nne.

Kwenye skrini paa lilikuwa jeupe kwa mwanga. Mfuniko wa chuma wa ngazi ya ndani ulikuwa wazi, na kaka yake alikuwa anatoka humo akikumbatia tofali kama mtoto. Mengine mawili yalikuwa tayari kwenye wavu.

Rubani alishusha kamba. Mizani alilishika tofali la tatu, akasita. Mkono wake ulikwenda sikioni.

Nyuma yake, Rubani alisikia Kocha anaongea taratibu kwenye redio. "Ndiyo, yote matatu. Rubani amebadilisha. Anasema betri nzuri, inabeba. Ngazi inakuja baada ya hapo. Fanya haraka."

Rubani alipaza sauti. "Nimesema nini mimi? Kocha! Mwambie atoe!"

"Rusha."

Mizani aliweka tofali la tatu kwenye wavu, akaupachika kwenye ndoano.

Rubani aliinamisha pua ya droni. Mara moja. Mara mbili. Aliona kaka yake anainua kichwa, anaiangalia kamera moja kwa moja. Ameona. Mkono ulikwenda kwenye wavu.

"Anakuambia muda umekwisha," Kocha alisema kwenye redio. "Walinzi wanapanda ngazi. Achia, ondoka hapo!"

Mkono ulisimama. Mizani aligeuka kuuangalia mfuniko, kisha akarudi nyuma, akanyanyua dole gumba.

Rubani angeweza kukataa. Lakini wavu ukibaki pale, umefungwa kwenye droni, walinzi wangemkuta kaka yake na dhahabu miguuni. Alisukuma kijiti. Kamba ikakaza. Kilo arobaini na moja na nusu. Droni ilinguruma, ikabaki palepale sekunde mbili kama inafikiri, ikaanza kupanda. Betri ilikuwa asilimia sabini na moja. Ilipovuka ukuta ilikuwa sitini.

"Ngazi," alisema, macho kwenye skrini. "Dereva! Andaa ngazi."

Mlango wa pikapu haukufunguka.

"Kocha, ngazi iko wapi?"

"Hakuna safari ya pili," alisema Kocha. "Dakika sita zaidi tukae hapa kama mbuzi? Tunaondoka na mzigo. Kaka yako ni mtu mzima, atajieleza."

"Ulipanga tangu mwanzo."

"Nilipanga kazi. Wewe ndiye uliyeingiza undugu."

Saa tisa na dakika saba.

Asilimia arobaini na nne. Joto la mota lilikuwa limeingia wekundu. Rubani alipindisha droni kushoto, kuelekea maji.

"Unakwenda wapi?" Kocha alikuja mbele. "Nyoosha! Kule mbali, haitafika."

"Haitafika kokote. Nilikuambia."

"Ukinyoosha inafika. Pita juu ya kokoto."

"Chini kuna watu sitini."

Kitu cha baridi kilimgusa nyuma ya shingo. "Nyoosha, Rubani."

Alishangaa kuona kwamba haogopi. Ndani yake hapakuwa na nafasi. Palijaa hasira tupu, kavu: kwa huyu, kwa meneja, kwa daktari wa maneno mawili, kwa kila mtu anayeongeza sanduku na kusema itapaa tu, halafu mwenyewe hayupo chini ya mzigo.

"Piga," alisema. "Mimi nikianguka, rimoti inaanguka. Piga tuone."

"Kocha." Ilikuwa sauti ndogo ya Dereva. Alikuwa ameshuka kwenye pikapu. "Kocha, mama yuko pale."

"Mama yako ana miguu. Akisikia mlio atakimbia."

Dereva alisimama kidogo, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua. Kisha akamrukia. Wote wawili walianguka kwenye vumbi. Rubani hakugeuka. Mota ya tano ilikuwa imezima, droni imelala ubavu, mzigo unabembea kama kengele, na kwenye skrini ukingo wa shimo ulikuwa bado mita hamsini. Arobaini. Alisikia risasi. Alisikia mtu anapiga ukelele. Ishirini. Kumi.

Maji.

Akafungua kifuniko chekundu cha kitufe cha kuachia mzigo, akabonyeza.

Dhahabu haikupiga hata kelele. Kwenye skrini ulionekana mduara mmoja mdogo juu ya ukijani, ukapanuka, ukaisha. Droni iliruka juu kama iliyokatwa kamba ya shingo, ikatulia kwenye propela zake saba.

Alipogeuka, Dereva alikuwa amemng'ang'ania Kocha kifundo cha mkono kwa mikono miwili na meno. Paja lake lilikuwa jekundu mpaka gotini. Bastola ilikuwa imechomoka. Rubani aliikanyaga.

Lakini Kocha hakuwa anaitafuta. Alikuwa anaangalia skrini.

"Umefanya nini?" Alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza. "Umefanya nini, we mwanamke?"

Akajichomoa, akaanza kukimbia kuteremka kichuguu, kuelekea shimoni. Alikuwa anavua shati huku anakimbia.

Saa tisa na dakika kumi.

Rubani aliitua droni, akavua mkanda wake wa suruali, akapiga magoti.

"Niache mimi," alisema Dereva, meno yanagongana. "Rusha kwanza. Ngazi ipo chini ya kiti, dada. Kocha aliniambia niitupe mtoni. Sikuitupa."

"Nyamaza." Alizungusha mkanda pajani, juu ya tundu la risasi, akavuta mpaka Dereva akamtukana. Kisha akakimbilia pikapu.

Betri mpya, sekunde arobaini. Mota moja imekufa, imebaki saba. Alisoma kiganja: ngazi, kilo nane na nusu. Na ndoano na kamba, kumi kasoro. Kwa mota saba asingethubutu kupita kumi na tano. Alipachika, akavuta kujaribu, akarusha. Akazunguka tena njia ndefu, juu ya maji. Kule chini kulikuwa na mtu anapiga mbizi, anaibuka, anapiga mbizi.

Saa tisa na dakika kumi na nne.

Kaka yake alikuwa amekaa juu ya paa, ameegemea ukingo, mikono mapajani, kama anayesubiri zamu hospitalini. Hesabu ya watu ilikuwa imekwisha. King'ora kilikuwa kimenyamaza. Alipousikia mlio aliinua kichwa, na Rubani akamwona anasema kitu. Hakikusikika.

"Kamata," alimwambia, kana kwamba anasikia. "Kamata, kaka, kamata."

Mizani aliikamata pete ya ngazi. Mikono ikamkataa. Alilenga chuma cha ukingo, akakosa. Akalenga tena, akakosa. Mfuniko wa chuma aliokuwa ameufunga ukatikisika kutoka chini. Mtu alikuwa anausukuma kwa bega.

Mara ya tatu pete ikaingia. Akachomoa ndoano ya droni, akavuka ukingo, akapotea.

Mfuniko ulifunguka upana wa kiganja. Rubani aliona vidole vya mtu na ukingo wa kofia ya mlinzi. Akaisukuma droni mbele. Alipiga king'ora chake kidogo cha kutua, kile kipiipii cha kuonya watu, mpaka vidole vikarudi ndani na mfuniko ukajifunga. Kisha akaituliza juu yake, taratibu, katikati kabisa. Bila mzigo wowote mashine ile ilikuwa na kilo hamsini na tano. Akazima propela.

Mfuniko ulitikisika mara mbili. Haukufunguka.

Akaitupa rimoti kwenye majani, akamwinua Dereva kwa makwapa.

Saa tisa na dakika ishirini na tatu.

Walimkuta Mizani kwenye mdomo wa korongo, anaruka kwa mguu mmoja. Alikuwa ameachia ngazi mita mbili kabla ya chini. Alijibwaga kwenye kiti, pembeni ya Dereva, akaona damu.

"Kocha yuko wapi?"

"Anaogelea," alisema Rubani, akaondoa gari.

"Nilidhani ni wewe uliyesema matatu."

"Nilikuinamishia mara mbili!" Alipiga usukani. "Mara mbili, kaka! Nilikufundisha jana, ukasema umesikia!"

"Niliona. Lakini ile sauti..."

"Sauti ya nani? Ya nani? Mimi na Kocha nani ndugu yako?"

Mizani aliangalia mikono yake. "Wewe," alisema baadaye. "Nisamehe. Niliogopa."

Rubani alikanyaga mafuta. Angemjibu angelia, na alikuwa anaendesha kwa kasi.

Barabara iligawanyika mbele ya kituo cha mafuta. Kulia ilikwenda mbali: mashamba, msitu, mji mwingine ambako hakuna anayewajua. Kushoto, kilomita tatu, hospitali.

Dereva alikuwa amelaza kichwa begani kwa Mizani. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Kulia," alisema. "Nitavumilia."

"Utavumilia nini na damu yote iko sakafuni?"

"Mdogo wangu," Mizani alisema polepole, "getini hospitali kuna polisi."

"Najua walipo polisi."

Akakata kushoto.

Saa tisa na dakika thelathini na tano.

Askari wa getini alinyoosha mkono. "Majina, na mgonjwa kapatwa na nini?"

"Risasi. Lete machela."

"Kwanza majina, mama. Risasi ni lazima..."

Rubani alishuka, akamshika askari kola mbele ya watu wote. "Anakufa hapo! Unamwona? Andika jina langu mara mia ukitaka, nitasimama hapa hapa, sikimbii! Lete machela!"

Machela yakaja. Rubani akasimama pale pale, kama alivyosema.

Saa kumi na robo alikuwa kwenye benchi la korido ya chumba cha upasuaji, mkono wake mmoja umefungwa pingu pamoja na wa kaka yake. Pingu ililia ndogo ndogo kwa mtetemo wa Mizani, bila kukoma. Askari wawili walisimama mlangoni. Redio ya mmoja ilikuwa inasimulia kwamba kuna mtu amekutwa kwenye shimo la zamani, maji kifuani, ameambiwa atoke hataki. Anasema wamwache kidogo tu, anakijua kilipo. Askari walicheka. Rubani hakucheka.

"Watasema tuliiba," alisema Mizani.

"Tuliiba."

"Na cheti changu?"

"Utakisoma mahakamani. Kwa sauti. Na mimi nitasema yangu. Hawajawahi kutupa pa kusemea, sasa watatupa."

Mwanamke mmoja aliingia kwa haraka kutoka mwanga wa nje. Alikuwa amejaa vumbi jeupe kichwa mpaka miguu, nyundo fupi bado iko mkononi, amesahau kuiweka. Alimuuliza muuguzi jambo. Muuguzi akamwambia mgonjwa bado yuko ndani, wanajitahidi, asubiri. Kisha akaonyesha benchi.

Mama yake Dereva akaja, akasimama mbele ya Rubani.

"Wewe ndiye uliyemfunga mkanda?"

"Ndiyo, mama."

"Daktari anasema bila huo mkanda angefia njiani."

Rubani aliangalia ile nyundo mkononi mwake.

"Na wewe ndiye uliyekwenda naye kuiba?"

"Ndiyo, mama."

Kofi lilimpata shavuni, zito, la mkono unaopasua mawe. Askari mmoja alipiga hatua mbele. Rubani alitikisa kichwa kumzuia. Shavu lilikuwa linawaka na macho yamejaa maji, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita hakuwa na hasira na mtu aliyekuwa mbele yake.

Mama aliendelea kusimama, anahema. Akaangalia mlango wa chumba cha upasuaji. Ulikuwa umefungwa. Akaangalia huku na huku koridoni.

Benchi lilikuwa hilo moja tu. Rubani alimvuta kaka yake kwa pingu, wakasogea. Mama akaweka nyundo chini, akakaa.